Nguzo Iliyovikwa Maua

Mji ule ulikuwa na jioni moja kwa mwaka ambayo kila mlango wenye picha, muziki au kinyago nyuma yake ulifunguliwa, na mtu akaingia bila kudaiwa kiingilio. Waliiita Jioni ya Milango Wazi. Siku nyingine zote wenyeji walipita mbele ya jumba la sanaa kama wanavyopita mbele ya ofisi ya hakimu, haraka na bila kugeuza shingo. Lakini jioni hiyo hata watu wasioweza kutofautisha picha na kalenda walianza kupanga foleni tangu saa kumi. Cha bure kina utamu wake, asikudanganye mtu.

Kabari alifika saa moja na robo, jua limeshazama na taa za uani zimewashwa. Alikuwa fundi seremala, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, na jina hilo alipewa karakanani tangu usichana wake, kwa kuwa kabari ni kile kipande cha mti kinachopigwa nyundo kikaingia pasipo na nafasi, na kikishaingia hakitoki kwa maneno matamu. Jioni hiyo alivaa gauni lake la kwendea harusi za watu. Mkobani mwake, mahali ambapo wengine huweka poda, kulikuwa na nyundo ndogo, penseli na rula ya kukunja. Bila vitu hivyo alijiona kama ametoka nyumbani bila nguo.

Hakuja kwa mapenzi. Alikuja kwa sababu ghorofani kaka yake alikuwa anapiga ngoma kubwa katika bendi ya tarumbeta, na mama yao alikuwa amekaa mstari wa mbele kumsikiliza, na mama yule akitazama viti akaona mtoto mmoja hayupo, huuliza, na akiuliza haachi. Kabari na kaka yake walikuwa hawajasemeshana kwa siku kumi na sita. Walifanya kazi karakana moja, meza moja, wakapitishiana msumeno bila neno, na mchana kila mmoja akala akitazama ukuta wake.

Ugomvi wenyewe ulianzia katika jumba hilo hilo. Boriti kuu iliyobeba sakafu ya mbao ya ukumbi wa juu ilikuwa imepata ufa, wakaitwa wao wawili. Walikata sehemu mbovu, wakaunga mti mpya kwa gundi na bolti, na katika chumba cha chini, chini ya kiungo, wakasimamisha nguzo ya muda, ikakazwa kwa kabari mbili. Nguzo hiyo ingebeba mzigo mpaka gundi ishike sawasawa. Siku thelathini, haipungui hata moja. Basi Kabari alipoitazama, gogo tupu limesimama katikati ya chumba cha picha, roho ikamuuma. Marehemu baba yao alimfundisha kwamba fundi haachi kitu kibaya ndani ya nyumba ya mtu, hata cha siku moja. Akatoa patasi. Siku mbili nzima akaichonga maua mepesi kutoka chini hadi juu, akaipiga msasa, akaipaka vanishi mpaka ikang'aa.

"Hiyo ni nguzo, mdogo wangu," kaka yake alimwambia. "Iandike USIGUSE kwa rangi nyekundu, twende zetu."

"Baba hakuandika kwenye kazi yake hata siku moja. Kazi nzuri inajisemea yenyewe."

"Haya. Ukiivika nguzo kama bibi harusi, atatokea wa kuioa."

Msimamizi wa jumba alikuwa amesimama pale pale, akacheka mpaka akashika ukuta. Kabari angeweza kusamehe tusi la faragha, maana kaka ni kaka, lakini kuchekwa mbele ya mwenye kazi hakukuweza kumezeka. Akafunga zana zake akaondoka kwa miguu. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsabahi mwenzake.

Sasa, uani, watu walikuwa wamekizunguka kitu. Mzee mmoja alikuwa anakipiga picha kwa simu, na mama mwenye mtoto mgongoni anasogeza uso karibu kuona vizuri. Kabari akapenya kati yao. Ilikuwa nguzo yake. Imesimama juu ya boksi jeupe, imemulikwa taa mbili, na chini yake kuna kijikaratasi: "Bila Jina. Mti na vanishi. Msanii hajulikani." Pembeni, juu ya sinia ya kioo, zile kabari zake mbili zimepangwa kama vijiko vya wageni.

Mungu amsamehe, kwanza alifurahi. Kwa kitambo kifupi kama cha kufumba jicho alisimama pale akajiona mtu mkubwa, kazi yake imemulikwa taa na watu wasiomjua wanaikodolea macho. Kisha kutoka ghorofani ukaja mshindo wa ngoma ya kaka yake, na vigelegele, na kishindo cha miguu, na furaha yote ikamtoka. Ikiwa nguzo iko hapa nje, kule ndani sakafu imeshikwa na nini?

Alikimbia. Chumba cha chini kilikuwa kimejaa picha ukutani na watu kama thelathini wanazitazama, wengine wakila karanga. Alivuta kiti cha mlinzi wa mlangoni bila kuomba, akapanda, akainua mkono mpaka kwenye boriti. Siku ya kumaliza kazi alikuwa amechora mstari mmoja wa penseli uliokatiza kiungo. Mafundi hufanya hivyo: mstari ukibaki mmoja, kiungo hakijasogea. Sasa mstari ulikuwa vipande viwili. Kipande cha kulia kilikuwa kimeshuka chini ya kile cha kushoto, kwa unene wa njiti ya kiberiti.

Akaweka kiganja juu ya mti. Ulikuwa unatetemeka.

"Mama, teremka, hicho ni kiti cha kazi," mlinzi alisema.

"Toa watu humu ndani. Waambie taa zinaharibika, waambie chochote, lakini watoke polepole. Kisha niitie msimamizi."

Mlinzi alikuwa mtu wa kubishana, lakini aliuona uso wake, akaacha. Msimamizi akaja anapepea karatasi ya ratiba, tai yake ya rangi tatu imelala begani.

"Fundi! Umependeza. Umeona watu walivyo..."

"Nani ametoa nguzo?"

"Nguzo ipi?"

"Ile iliyoko uani, juu ya boksi."

Msimamizi akatazama katikati ya chumba, mahali palipokuwa patupu, kisha akatazama juu. 

"Watu wa kutundika picha," alisema taratibu. "Niliwaambia, kuna nguzo humo, msiiguse. Nikasafiri. Nimerudi leo mchana, nikakuta... wakaniambia wamekuta sanamu nzuri imewekwa mahali pabaya, haionekani vizuri. Nikasema sawa, hata hiyo sanamu sikwenda kuitazama. Sikuingia humu, fundi. Wallahi sikuingia humu."

"Juu wako wangapi?"

"Niliacha kuhesabu saa kumi na mbili na nusu. Mia mbili. Labda zaidi."

Akageuka kukimbilia mlangoni, mdomo umeshafunguka kupiga kelele. Kabari akamkamata tai.

"Usithubutu! Ngazi ni moja, inapita watu wawili. Ukisema sakafu inaanguka, watakimbia wote kwa mkupuo, na boriti hii haitawasubiri. Watakaonusurika wataumizana ngazini."

"Basi rudisha hiyo nguzo!"

"Irudi wapi? Sakafu imeshashuka, nguzo sasa ni ndefu kuliko nafasi yake. Lazima niikate, niisimamishe, niipige kabari. Nitafanyaje hayo huku mia mbili wanaruka juu ya kichwa changu? Kwanza uzito utoke. Utoke polepole."

"Nikasimamishe bendi."

"Kasimamishe. Utapita wapi?"

Msimamizi akachungulia ngazini. Watu walikuwa wamekaa kila kidato, wamebebana, na waliokosa nafasi juu wamesimama kati ya magoti ya waliokaa. Kupita pale kungechukua robo saa ya kuomba radhi. Saa ya ukutani ilisema saa moja na dakika ishirini na sita. Wote wawili waliitazama, na wote wawili walijua saa moja na nusu kuna nini, kwa sababu mji mzima ulijua.

Ulikuwa wimbo wa kukanyaga. Bendi ile ilifunga nao onyesho kila mwaka. Tarumbeta zinaanza chini chini kama watu wanaosengenya, kisha ngoma kubwa inaita mara tatu, na ukumbi mzima unajibu kwa kukanyaga chini miguu yote miwili kwa pamoja. Watoto waliujua kabla ya kujua kuhesabu. Na aliyeifanya ngoma hiyo iite kwa miaka thelathini alikuwa kaka yake Kabari, ambaye watu walimwita Mshindo. Hakuwahi kukosea pigo hata moja. Seremala alikuwa wa kawaida tu, na mwenyewe alikiri, lakini katika ngoma alikuwa mfalme, na jioni hiyo moja kwa mwaka mji wote ulimvulia kofia.

Kabari akampigia simu. Ililia mpaka ikachoka. Akapiga tena. Simu ya mpiga ngoma iko mfukoni, na mfuko uko nyuma ya ngoma, na ngoma inapigwa, ungetegemea nini? Juu tarumbeta zilinyamaza, watu wakapiga makofi, na sauti ya kiongozi wa bendi ikasikika ikiuliza kama miguu iko tayari. Miguu ikajibu kwamba iko tayari.

Macho yake yakatafuta chumbani kama ya mtu anayezama. Ndipo alipoliona bomba la chuma la maji ya mvua. Lilishuka kutoka paani kupitia ukumbi wa juu, ukutani kabisa, na kuingia sakafuni mwa chumba hiki. Bendi ilikuwa imesimama kwenye ukuta huo huo.

Katika karakana ya baba yao hakuna aliyewahi kuitwa kwa jina msumeno wa umeme ukiwa umewashwa, maana asingesikia. Waliongea kwa kugonga. Pigo moja: inua. Mapigo mawili: shusha. Mapigo matatu: ganda, kuna mkono wa mtu hatarini, usisogee, usiulize, mpaka usikie pigo moja. Baba alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo la tatu. Watoto walilinyonya na maziwa. Hata mama yao, akileta chai akasikia tatu, alikuwa akisimama mlangoni na birika mkononi, mvuke unamchoma, mpaka moja lisikike.

Kabari akatoa nyundo, akagonga bomba. Tatu.

Juu tarumbeta zilikuwa zimeanza kusengenya. Hakuna kilichobadilika. Akagonga tena tatu, kwa nguvu mpaka kiwiko kikamuuma. Ngoma ikaita, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na miguu mia nne ikashuka kwa pamoja.

Vumbi likamwagika kutoka kwenye dari. Picha mbili zilianguka ukutani. Msimamizi akawasukuma nje watu wa mwisho waliobaki chumbani. Kabari akarudi mbio kwenye kiti, akapanda. Ile njiti ya kiberiti ilikuwa imekuwa penseli nzima.

Amesikia, aliwaza. Haiwezekani awe hajasikia. Amesikia na amekasirika, anasema moyoni: siku kumi na sita hukuniambia neno, leo unanigongea mbele za watu. Wazo hilo lilimuuma kuliko kiwiko. Kwa sababu ya maua! Kwa sababu ya kutaka watu waseme mti huu amechonga nani. Wahenga hawakukosea, mchuma janga hula na wa kwao: mama yuko juu ya kiungo kile kile, mstari wa mbele, kwenye kiti alichotafutiwa na mwanawe.

Ngoma ikaita tena. Miguu ikashuka. Safari hii mti ulilia, sauti nyembamba, na bolti moja ikazunguka taratibu kama inayofunguliwa na mkono wa mtu. Penseli ikawa kidole.

Aliruka chini akarudi kwenye bomba. Hakugonga kwa hasira tena. Alisubiri. Alisikiliza wimbo, akatafuta upenyo ule ambao tarumbeta huvuta pumzi kabla ngoma haijaita, na akaweka mapigo yake humo, safi, kama alivyofundishwa. Tatu. Akanyamaza kidogo. Mbili.

Ganda. Shusha.

Ngoma ikaita. Moja. Mbili.

Ya tatu haikuja.

Huko juu watu mia mbili walikuwa wameinua visigino, na pigo la kuvishusha halikuwepo. Wachache walikanyaga peke yao, wengine wakachelewa, wengine wakayumba wakishikana mabega wakicheka. Kisha ngoma ikalia mahali pasipostahili. Ikalia tena mapema mno. Ikakimbia, ikasimama, ikapiga mawili yasiyo na mama wala baba, ikanyamaza, ikapiga moja. Hata mlevi angepiga vizuri zaidi. Tarumbeta zilijaribu kumfuata, zikagongana, zikazimika moja baada ya nyingine.

Kabari alipanda tena kwenye kiti, akaweka kiganja juu ya mti. Ule mtetemo wa pamoja ulikuwa umevunjika. Miguu ilikuwa inatua ovyo, huku na kule, mmoja mmoja, kama mvua ya kwanza. Akaelewa kaka yake anafanya nini, na machozi yakamtoka hapo hapo juu ya kiti cha mlinzi.

"Kalewa!" mtu alipiga kelele huko juu.

"Mshindo, aibu!" mwingine akadakia, na kicheko kikajaa ukumbi. Sauti ya kiongozi wa bendi ilisikika juu ya zote, kali, inamuuliza kama amepagawa. Ngoma ilianza kutembea. Ilitoka ukutani, ikapita pembeni, ikaelekea ngazini, ikipiga upuuzi ule ule. Watu wa ngazini walimwona mtu mzima na dubwana la ngoma tumboni, kofia imempinda, anatumbua macho kama mwehu, wakasimama wenyewe wakampisha huku wakijishika mbavu. Na kwa kuwa kichekesho cha bure ni kitamu kuliko hata muziki wa bure, ukumbi wote ukaanza kushuka nyuma yake kumwona atafika wapi. Walishuka wawili wawili, wakimwigiza, wakimzomea, hakuna hata mmoja aliyekwenda sambamba na mwenzake.

"Uani, uani," msimamizi alikuwa anasema chini ya ngazi, tai amevua, anawaelekeza kwa mikono yote miwili. "Anaendelea uani. Karibuni. Polepole. Anaendelea uani."

Kabari alitazama mstari. Kidole kilibaki kidole. Hakikuongezeka. Alihesabu vishindo juu ya kichwa chake vikipungua, vikawa vya watu kumi, vitano, viwili, kisha pakawa kimya. 

Mlango ukafunguka na Mshindo akaingia, jasho linamtiririka, ngoma ameiacha nje. Kwa siku kumi na sita hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa dada yake:

"Mama uko naye?"

"Mimi? Si alikuwa na wewe?"



Ngazi sasa ilikuwa tupu, wakaipanda kwa vidato vitatu vitatu. Katikati ya ukumbi, kati ya viti vilivyopinduka na maganda ya karanga, mama yao alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, mikono magotini, fimbo imelala miguuni. Hakuwa amesogea hata ukucha. Na sakafu aliyokuwa juu yake ilikuwa imebonyea kama godoro la zamani, yeye yuko shimoni kabisa.

"Mama!" Kabari alinong'ona, kana kwamba sauti nayo ina uzito. "Simama taratibu, uje huku ukutani."

Mama aligeuza macho tu. "Umegonga tatu," alisema.

"Ndiyo, mama, lakini sasa..."

"Hujagonga moja."

Watu wote mia mbili walikuwa wamesikia muziki na kichekesho. Mjane wa seremala alikuwa amesikia kwamba kuna mkono wa mtu hatarini, akaganda, kama alivyoganda na birika miaka arobaini. Waliokuwa wanashuka walimwita, wakamvuta mkono. Aliwaambia waende.

Mshindo alinyanyua mguu kwenda kumchukua. Ubao ukalia. Dada yake akamrudisha kwa kiganja kifuani.

"Wewe ni mzito. Nakwenda mimi. Wewe nenda kwenye bomba."

"Kabari..."

"Nenda, kaka. Hatakuja mpaka usikike."

Akamkabidhi nyundo, akavua viatu. Akapita ukutani mpaka mahali alipokumbuka misumari ilipo, kisha akaanza kwenda katikati kwa kufuata mstari wa misumari, mguu mmoja mbele ya mwingine, akiisikiliza kila hatua kabla ya kuikabidhi uzito. Chini yake kiungo alichokiunga kwa mikono yake kilikuwa kinakoroma. Alijua kila bolti ilipo. Alijua pia ni bolti ngapi zimebaki. Alipofika urefu wa mkono mmoja, akanyoosha mkono, akamtazama kaka yake, akamwashiria kwa kichwa agonge.

Mshindo akainua nyundo ndogo, akagonga bomba pigo moja.

Mama akainuka. Alikuwa mwepesi kama kapu. Hakuuliza neno, alimshika mwanawe mkono wakarudi kwa njia ile ile ya misumari, mama nyuma, akikanyaga kila mahali ambapo binti yake alikanyaga. Hatua saba. Ya nane ilikuwa ukutani, mikononi mwa Mshindo, naye aliwabana wote wawili kwenye bomba la chuma kwa kifua chake kipana.

Nyuma yao boriti ikakatika. Haikuwa sauti kubwa kama mtu angedhani. Mlio mmoja mkavu, kisha sakafu ya katikati ikashuka kwa kishindo, mbao zikafunguka, na kiti cha mama, pamoja na fimbo, vikatumbukia chumba cha chini ambako hapakuwa na mtu.

Mama ndiye aliyezungumza kwanza.

"Miaka thelathini sijakusikia ukikosea," alimwambia mwanawe. "Leo umepiga vibaya kweli kweli. Baba yako angekupa mkono."

Mshindo akajaribu kucheka, akalia.

Walipofuata ukuta mpaka ngazini na kutoka uani, msimamizi alifunga mlango wa jumba kwa mnyororo, na mlinzi akasimama mbele yake. Wengi hawakuwa wamesikia kitu, kwa maana barabarani bendi nyingine ilikuwa inapita na milango yote ya mji ilikuwa bado wazi. Kikundi cha watu kilimwona Mshindo anatoka, mama yake ameegemea bega lake. Kicheko kikaanza upya. Mmoja akamwigiza, akipiga tumbo lake ovyo kwa mikono. Kiongozi wa bendi alimtazama kutoka mbali, akageuza mgongo, akaenda kupanga tarumbeta kwenye gari.

Damu ikampanda Kabari. Akapiga hatua kuwaendea, mdomo umejaa maneno, yote makali na yote ya kweli. Kaka yake akamshika mkono.

"Waache wacheke, mdogo wangu."

"Hawajui ulichowafanyia!"

"Ndiyo. Lakini hebu wasikilize," Mshindo alisema. "Wanacheka wakiwa chini."

Kabari alisimama akawasikiliza. Kisha akaiendea nguzo juu ya boksi lake jeupe, akakibandua kile kijikaratasi, akakiweka mkobani. Msimamizi alimletea kopo la rangi nyekundu na brashi bila kuulizwa. Mbele ya watu wote, akiwa amevaa gauni lake la kwendea harusi, Kabari aliandika juu ya maua yake kuanzia juu hadi chini, kwa herufi nene zilizopinda, neno alilokataa kuliandika siku kumi na sita zilizopita. Rangi ikachuruzika ndani ya kila petali. Alipomaliza, kaka yake akashika upande mmoja wa nguzo, yeye akashika wa pili, kwa kuwa kulikuwa bado na kuta za kuegemeza na kazi ya usiku kucha. Akagonga mti kwa kifundo cha kidole, mara moja, wakainua.